Prosesa nyingi peke yake haziwahishi utabiri wa Ziwa Victoria

Wavuvi wa mukene (dagaa) huingia ziwani jioni na taa zao, na usiku ndio wakati wa dhoruba. Giza likishaingia, nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Upepo hushuka kutoka pande zote za ziwa, hukutana juu ya maji, hewa yenye unyevu hupanda, na ngurumo huanza. Utabiri ukikamilika saa nne usiku, mitumbwi imeshaondoka mwaloni.

Ndiyo maana suala la kugawa kazi ya utabiri kati ya prosesa, yaani sehemu za kompyuta zinazofanya hesabu, si la mafundi peke yao.

Modeli ya hali ya hewa, yaani programu inayokokotoa utabiri, hukata anga kuwa miraba. Miraba ya kilomita 9 haizioni vizuri dhoruba za ziwa, kwa hiyo tunashuka hadi kilomita 3. Hapo eneo lilelile linahitaji miraba mara 9, na hatua za muda, yaani vipindi ambavyo modeli hupiga kwenda mbele, ziwe fupi mara 3. Kazi imeongezeka mara 27! Wengi husema: basi ongezeni prosesa.

Tupige hesabu. Eneo lina miraba 300 kwa 300. Ukiligawia prosesa 100, kila moja inapata miraba 30 kwa 30, yaani 900, na 116 kati ya hiyo iko mpakani. Kila hatua, habari za mpakani lazima zipelekwe kwa jirani. Sasa weka prosesa 900. Kila moja inabaki na miraba 100, na 36 iko mpakani. Mawasiliano yanaanza kula muda wa kukokotoa. Ni kama vibarua thelathini katika kijishamba kimoja cha maharage: majembe yanagongana.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, iko kwingine. Tuseme tunataka kutazama kwa karibu maeneo mawili: ziwa, na miteremko ya Mlima Elgon, ambako maporomoko ya ardhi yamewaua watu wilayani Bududa, Uganda. Njia iliyozoeleka ni prosesa zote kufanya ziwa kwanza, kisha mlima. Afadhali maeneo yote mawili yaende pamoja. Kama kazi ya ziwa ni mara mbili ya ile ya mlima, kati ya prosesa 90 ziwa lipewe 60 na mlima 30, yamalize kwa pamoja. Lakini usipime kazi kwa ukubwa wa eneo tu. Penye mawingu ya mvua hesabu huwa nzito zaidi, na aliyemaliza mapema hukaa akimsubiri mwenzake. Endesha jaribio fupi, upime muda wenyewe.

Kuandika matokeo kwenye diski nako husahaulika. Prosesa moja ikiandika, nyingine zote husimama. Tenga chache kwa kazi hiyo tu. Gene Amdahl, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1967: asilimia 5 ya kazi isipogawika, huwezi kuharakisha zaidi ya mara 20, hata uwe na prosesa milioni.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba fedha za mashine mpya, jaribu kwa prosesa 50, 100, kisha 200, na uandike muda wa kila jaribio. Pale muda unapoacha kupungua, simama. Zinazobaki ziendeshe utabiri mwingine wenye hali ya kuanzia iliyobadilishwa kidogo, kisha tuhesabu ni mara ngapi dhoruba inatokea, ili saa kumi jioni, nyavu zikiwa bado ufukoni, mvuvi aambiwe dhoruba ina uwezekano kiasi gani.