Antivairasi iliyoisha muda: iondoe yote, usiikate nusu

Kompyuta nyingi za nyumbani ninazoletewa zinakuja na malalamiko yaleyale, imekuwa nzito, inawaka kwa kujivuta, feni haitulii, na nikiifungua tu nakuta kule chini kulia karibu na saa kuna kialama chekundu cha antivairasi iliyokuja na mashine toka inanunuliwa, muda wa kuitumia bure ulishaisha kitambo na toka hapo haijaapdeti tena. Mwenyewe anajua ipo ila anaogopa kuitoa, anasema si bora mlinzi mzee kuliko kukosa mlinzi kabisa. Hapo ndo tunapotofautiana, maana huyo mzee sio tu kwamba kalala getini, funguo za geti nazo kazikalia na mlinzi mwingine hawezi kushika zamu.

Iko hivi. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, Windows inakuja na antivairasi yake ndani, leo inaitwa Microsoft Defender, na ikiona antivairasi ya kampuni nyingine imejiandikisha kwamba yenyewe ndo inalinda, Defender inajiweka pembeni. Huo utaratibu una maana yake, antivairasi mbili zikigombania kukagua faili lilelile kwa wakati mmoja mashine inaweza kukwama kabisa. Shida inaanza leseni ya ile ya nje ikifa. Nyingine zinaachia zamu zenyewe na Defender inarudi, hapo sawa. Nyingine zinabaki zimejiandikisha vilevile huku zinafanya nusu ya kazi, na wewe unakuwa na mashine inayosema ina ulinzi kumbe orodha ya virusi inayotumia ni ya enzi na enzi.

Alafu kuna jambo watu hawalifikirii, antivairasi nayo ni programu yenye mapengo kama programu nyingine yoyote, ila hii ina mamlaka kuliko karibu kila kitu kilichomo kwenye kompyuta yako. Mwaka 2016 Tavis Ormandy wa Project Zero, timu ya Google ya kutafuta mapengo ya usalama, alionyesha mapengo kwenye antivairasi za Symantec na Norton, yaani kutumiwa tu faili kwa imeili kulitosha kukudhuru, hukuhitaji hata kulifungua, kwa sababu antivairasi yenyewe ndo ilikuwa inalifungua ili ilikague, na kwenye Windows ilikuwa inalifungulia ndani kabisa ya kerneli, ile sehemu ya kiini cha Windows inayotawala mashine nzima. Yakazibwa kwa apdeti. Sasa wewe ambaye apdeti zilishasimama, pengo la namna hiyo likitokea kwenye yako nani anakuzibia?

Januari 2018 ndo palinoga zaidi. Microsoft walikuwa wanatoa apdeti za kuziba Meltdown, pengo la kwenye prosesa zenyewe, wakagundua baadhi ya antivairasi zinagusa kumbukumbu ya kerneli kwa njia isiyokubalika na mashine zinaanguka na skrini ya bluu, basi wakaweka sharti, antivairasi iandike alama fulani kwenye rejistri, ile daftari ya mipangilio ya Windows, kuthibitisha kwamba inaendana na apdeti, bila hiyo alama kompyuta haipewi apdeti za usalama. Antivairasi iliyotelekezwa hakukuwa na wa kuiandikia hiyo alama, kwahiyo mashine ilikuwa inakaa bila apdeti kwa sababu ya kitu kilichowekwa kiilinde. Sharti lilikuja kulegezwa baadaye.

Kwahiyo kutoa, toa. Ila kinachoniletea kazi nyingi sio waliozitoa wala waliozibakiza, ni waliozitoa nusu. Mtu anaingia kwenye Program Files anaikuta folda ya antivairasi anabonyeza Delete, inagoma, anatafuta mbinu mtandaoni ya kuilazimisha, inafutika, anafurahi. Aisee. Antivairasi sio mchezo wa karata. Imeweka draiva, yaani vijiprogramu vinavyofanya kazi chini kabisa ya Windows, zinazowaka mapema kabla hata hujaona sehemu ya kuingiza neno la siri, imejipachika kwenye njia ya kila faili linalofunguliwa, imejipachika kwenye mtandao, na aghalabu imeweka cheti chake ili iweze kusoma kurasa za https. Ukifuta folda hivyo vyote havijui, vinaendelea kumtafuta bosi wao ambaye hayupo.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha unachotaka kukitoa kipo kweli. Zile jumbe zinazoruka pembeni ya skrini zinasema ulinzi wako umeisha lipia sasa, nyingi wala hazitoki kwenye antivairasi, ni tovuti fulani uliwahi kuiruhusu ikutumie taarifa kwenye brauza. Bonyeza Windows na R, andika appwiz.cpl, piga Enter, soma orodha. Kama jina halimo, nenda kwenye mipangilio ya brauza uifutie hiyo tovuti ruhusa, kazi imeisha, hamna cha kuondoa.

Kama jina limo, jiulize hiyo programu imekushikia nini. Hapa naomba usiwe na haraka. Hizi za siku hizi zinakuja na mazaga mengi, ndani kuna kitunza maneno ya siri, kuna kabati la kufungia faili, kuna bekapu ya mtandaoni, kuna VPN. Maneno ya siri yatoe kwanza uyahamishie sehemu nyingine na uhakikishe yanafunguka huko. Faili zilizofungiwa kwenye kabati zifungue uzirudishe kwenye folda ya kawaida, maana programu ikishaondoka faili zinaweza kubaki kwenye diski zikiwa zimesimbwa, yaani zimefungwa kwa msimbo, na hakuna wa kuzifungua. Karantini, pale antivairasi inapofungia faili inazozishuku, pia ipitie, mara nyingi iliyomo ni takataka kweli, ila kuna siku utakuta faili lako halali lilikamatwa kimakosa. Lililo takataka liache humohumo life nalo.

Kingine ni ufunguo wa BitLocker, kile kifaa cha Windows cha kusimba diski. Laptopu nyingi za Windows 10 na 11 diski yake imesimbwa bila mwenyewe kujua, na ukija kuingia sefu modi, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako ya Microsoft, ukiukuta uandike kwenye karatasi. Sio kwenye faili la kompyuta hiyohiyo, nimeona watu wanafanya.

Tengeneza na alama ya kurudia (restore point), ya kurudisha Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika, andika sysdm.cpl kwenye lile boksi la Windows na R, nenda System Protection, kama imezimwa iwashe kisha bonyeza Create. Faili zako muhimu zipeleke kwenye diski ya nje. Mwisho wa maandalizi, pakua kabisa kifaa cha kufutia mabaki kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza hiyo antivairasi, na narudia, ya kampuni yenyewe, sio tovuti ya tatu inayokupa na zawadi. Karibu zote wanacho. McAfee wana MCPR, Avast wana Avast Clear, Kaspersky wana kavremover, Norton wana Norton Remove and Reinstall, ESET nao wana cha kwao kinachoendeshwa ndani ya sefu modi.

Sasa kata intaneti, zima waifai au chomoa waya. Nia ni kwamba zile dakika ambazo hakuna anayelinda usiwe barabarani. Rudi kwenye appwiz.cpl, chagua jina lake, bonyeza Uninstall. Kama inagoma kwa kusema huna ruhusa, fungua antivairasi yenyewe utafute mahali pa kuzima kujilinda kwake, majina yanatofautiana ila ipo karibu kwenye zote, zima halafu jaribu tena. Itakubembeleza, itakupa punguzo, itakuuliza kwa nini unaondoka, endelea tu. Ikikuuliza kama ibakize mipangilio au karantini, mwambie asibakize kitu. Ikimaliza, washa upya kompyuta. Usiseme nitawasha baadaye, draiva zilizokuwa zinafanya kazi haziwezi kutoka mpaka mashine izime na kuwaka.

Baada ya kuwaka ndo unaendesha kile kifaa cha mabaki, alafu unawasha upya tena. Watu wananiuliza kwa nini tusiende moja kwa moja sefu modi toka mwanzo. Kwa sababu kwenye sefu modi huduma ya Windows Installer kwa kawaida haifanyi kazi, na programu nyingi zinaitegemea hiyo kujiondoa, utakaa hapo unaletewa ujumbe wa kosa usioelewa. Anza kawaida, ikishindikana ndo shikilia Shift ubonyeze Restart, pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha piga 4, na humo endesha kifaa cha kampuni.

Zile programu zinazojinadi kusafisha rejistri kwa kubofya mara moja mimi siziweki kwenye mashine ya mtu. Hazijui nini ni cha antivairasi na nini ni cha Windows, zinakisia.

Sasa kupima. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi uandike fltmc. Itakuja orodha fupi ya vichujio vilivyokaa kwenye njia ya faili, kila kimoja na namba yake ya mwinuko kwenye safu ya Altitude. Vya antivairasi vimetengewa namba kuanzia 320000 hadi chini kidogo ya 330000. WdFilter yenye 328010 ni ya Defender, hiyo ni yako iache. Ukiona kingine kwenye eneo hilo, andika jina lake mahali ulitafute, kama ni cha ile uliyoitoa basi haijaondoka, rudi kwenye kifaa cha kampuni ukiendeshe ndani ya sefu modi. Usikimbilie kulifuta faili la draiva kwa mkono. Draiva ya kichujio ukiifuta huku rejistri bado inaiita, Windows inaweza isiwake kabisa.

Nililetewa mashine moja mwenyewe anasema intaneti imekufa, waifai imeunganika, simu zote za nyumbani kwake zinapata, kompyuta tu ndo haifungui hata ukurasa mmoja, fundi mwingine alishamwambia anunue kadi mpya ya mtandao. Nikaandika ncpa.cpl, nikabonyeza kulia kwenye waifai, Properties, nikashuka kwenye ile orodha yenye tiki. Pale katikati, juu ya Internet Protocol Version 4, kulikuwa na mstari wenye jina la antivairasi ambayo folda yake ilishafutwa kwa mkono, na tiki yake bado ipo. Kila pakiti ilikuwa inapitishwa kwa mtu ambaye hayupo. Nikauchagua mstari nikabonyeza Uninstall, nikawasha upya, kurasa zikafunguka. Usipoukuta mstari kama huo na bado intaneti haipiti, andika netsh winsock reset kwenye Command Prompt ya msimamizi, washa upya, uangalie.

Rudisha intaneti, fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection. Unatakiwa uone Defender ndo iko kazini, apdeti za leo, na ulinzi wa muda wote umewashwa. Kama bado inataja jina la zamani kwamba ndo inasimamia, ujue usajili wake haukufutika, fungua PowerShell, dirisha jingine la kuandikia amri, uandike Get-CimInstance -Namespace root/SecurityCenter2 -ClassName AntiVirusProduct, itakuorodheshea nani wamejiandikisha. Mara nyingi dawa ya hapo inachekesha kidogo, iinstoli tena ileile antivairasi juu yake, halafu uitoe vizuri kwa utaratibu. Inajisajili upya na safari hii inajifuta yenyewe. Defender ikishashika zamu, apdeti, kisha ifanye skani kamili hata ikichukua masaa, maana hujui kilichoingia kipindi chote kile.

Kama bado unatumia Windows 7, haya ya Defender kurudi yenyewe hayakuhusu, Defender ya humo ilikuwa inashughulika na programu za upelelezi tu, na Windows yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Hapo tatizo lako kubwa sio antivairasi. Wenye Mac, kuburuta antivairasi kwenye kikapu cha taka hakutoshi, tumia kiondoaji cha kampuni kilekile ilichokuja nacho.

Ukitaka kuthibitisha kwamba anayelinda yuko macho, tafuta faili la majaribio la EICAR, ni mstari mmoja wa herufi 68 usio na madhara yoyote ambao antivairasi zimekubaliana kuukamata. Pakua, linatakiwa linyakuliwe kabla hujalifungua.

Na mkataba. Kuitoa programu kwenye kompyuta hakusimamishi malipo ya kila mwaka kama uliwahi kuwapa kadi yako, ingia kwenye akaunti yako kwenye tovuti yao, zima kujiongeza kwa leseni, na subiri imeili ya kuthibitisha kabla hujafunga ukurasa.