Soma ukingo kwanza: medali za askari wa Keya

Juzi mama mmoja kutoka Machakos aliniletea kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na medali ya fedha yenye mtu uchi juu ya farasi, na nyota ya pembe sita. "Mzee, niambie kama ni za kweli," akasema, na kabla sijavaa miwani, "na bei."

Wengi hutazama uso wa medali. Mimi huanza na ukingo.

Ile ya fedha ni ya Vita Kuu vya Kwanza. Upande wa farasi ina miaka 1914 na 1918. Ukingoni hugongwa namba, cheo, jina na kikosi, na kwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, utaona herufi K.A.R. Weka lenzi ya sonara. Herufi iliyogongwa imedidimia mara moja, na chini yake ni bapa. Iliyochongwa kwa mkono ina mfereji, na pale patasi ilipotokea huacha mkia mwembamba. Matapeli hucheza hapo: jina la askari asiyejulikana husagwa, likachongwa la aliyeuawa kwenye pigano maarufu. Ila tupa ikishakula fedha, hairudishi. Medali hii ina kipenyo cha milimita 36. Kalipa, kile chombo cha kupimia kipenyo, ikisoma pungufu, tena ikabadilika kila unapoizungusha, mimi siinunui.

Nyota ni kinyume kabisa. Hii ilikuwa ya Burma, walikopigana vijana wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, wakiteremka bonde la Kabaw kwenye matope ya masika ya huko. Waingereza hawakuandika majina kwenye nyota hizo. Afrika Kusini na Australia ndio walioziandika. Kwa hiyo jina kwenye nyota ya askari wa Keya aliliweka mwenyewe, au fundi wa mtaani, au anayekuuzia. Niliwahi kulipa ziada kwa jina la namna hiyo. Nyumbani, chini ya taa, nikaona nyota nzima imefubaa ila ndani ya herufi kunang'aa kama sufuria mpya.

Nyota za kweli zilipigwa kwa mhuri wa chuma, kwa hiyo taji na herufi zina makali. Bandia nyingi husubiwa kwenye kalibu: uso una vitundu kama ganda la chungwa, na maandishi yamelegea. Utepe usikubabaishe. Ukiwaka buluu kwenye taa ya urujuanimno, huenda uzi ni wa juzi, au bibi aliufua tu kwa sabuni ya unga.

Na tafadhali, ndimu na jivu ni vya sufuria. Kila ukisugua medali unakula herufi.

Ya yule mama ilisoma 36 pande zote, herufi zimedidimia sawasawa. Tatizo likawa jina: halikuwa la babu mzaa babake. Nikamweleza kwamba karani aliandika alivyosikia, na wengine walijiandikisha kwa jina la utani au la ukoo. Hakuuliza bei tena. Alifunika kopo, akalirudisha kikapuni, akasema kwanza atamuuliza shangazi yake Mbooni.