Shahada ya kwanza kutoka chuo cha jamii California: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwaka 2014 California ilipitisha sheria ya SB 850, ikaruhusu wilaya 15 za vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma ambavyo kwa kawaida hutoa masomo ya miaka miwili, kujaribu kutoa shahada ya kwanza, kila wilaya kozi moja. Mwaka 2021 sheria ya AB 927 ikaufanya mpango huo kuwa wa kudumu. Mengi yanayosemwa kuuhusu si kweli, na baadhi yake humpotezea mwanafunzi fedha na miaka.

Dhana: Ukishaingia chuo cha jamii, utasomea shahada yoyote utakayo.

Hapana. Sheria inakataza vyuo hivi kurudia kozi ambazo tayari zinatolewa na vyuo vikuu vya umma vya jimbo, yaani CSU na UC. Ndiyo maana utakuta usafi wa kinywa na meno katika chuo cha Foothill, tiba ya upumuaji Skyline, mitambo ya kujiendesha viwandani Bakersfield, na ufugaji wa farasi Feather River, lakini hutapata shahada ya saikolojia au historia. Kwa mwaka zinaweza kuidhinishwa kozi mpya hadi 30, kwa awamu mbili, na kila chuo lazima kionyeshe kwamba kazi zipo kwa watakaohitimu. CSU na UC hupewa nafasi ya kupinga. Feather River ilipoomba shahada inayohusu moto wa misituni, Cal Poly Humboldt, chuo kikuu cha CSU kilichoko pwani, ilipinga, ingawa mwishowe kozi iliidhinishwa. Kwa maoni yetu katazo hili linamwumiza zaidi anayeishi mbali. Feather River iko Quincy, milimani, na mtu mwenye kazi na watoto huko hawezi kuhamia pwani kwa ajili ya darasa.

Uuguzi ndio unaoulizwa zaidi. Mwaka 2024 Bunge la California lilipitisha miswada miwili ya kuruhusu majaribio ya shahada ya uuguzi, SB 895 na AB 2104. Gavana Gavin Newsom aliikataa yote miwili. Digrii ya miaka miwili ya chuo cha jamii bado inamwezesha muuguzi kufanya mtihani wa leseni wa NCLEX-RN, uleule anaofanya mwenye shahada. Jimbo la Florida, lililofungua njia hii mwaka 2001, lina vyuo vya aina hii vinavyotoa shahada ya uuguzi. Kwa hiyo usichukue habari ya jimbo moja ukaipeleka jingine.

Dhana: Ni shahada ya hadhi ya chini.

Msomaji wa Tanzania anajua kwamba IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, hutoa shahada bila kuitwa chuo kikuu. Kinachopima uzito wa shahada ni ithibati. Vyuo vya jamii vya California vinakaguliwa na ACCJC, chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, na kwa shahada hii kinadai uniti (vipimo vya kiasi cha masomo) za ngazi ya mwaka wa tatu na wa nne. Mhitimu anaweza kuomba shahada ya uzamili. Kinachokwamisha wengi ni masomo ya awali: kozi ya ufundi huenda haikugusa takwimu au kemia ambayo uzamili fulani unaidai. Soma masharti ya uzamili unaoutaka kabla ya kuanza mwaka wa tatu.

Dhana: Unalipa dola 46 kwa uniti hadi mwisho.

Dola 46 ni za uniti za miaka miwili ya mwanzo. Kwa uniti za ngazi ya juu huongezwa dola 84, jumla 130. Ukisoma uniti 60 za kila ngazi, hesabu ni 2,760 na 7,800, yaani dola 10,560 kwa shahada nzima. Vitabu, sare na vifaa vya kliniki havimo. Bei hiyo ni ya mkazi wa jimbo: kwa kawaida lazima uwe umeishi California zaidi ya mwaka mmoja, na uwe na uthibitisho. Mkimbizi aliyepokelewa moja kwa moja California aulize ofisi ya usajili kuhusu msamaha wake kabla ya kulipa ada ya asiye mkazi.

Dhana: Milango iko wazi kwa kila mtu.

Iko wazi kwenye chuo, si kwenye kozi. Kozi za afya huchukua kundi dogo, na hudai kwanza anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia zenye maabara. Mwanafunzi anayechagua toleo jepesi lisilo na maabara hulazimika kurudia, na kila muhula wa kurudia unakula msaada wake: Pell Grant, msaada wa serikali kuu ya Marekani usiorudishwa, hulipwa kwa jumla isiyozidi mihula 12 ya masomo ya kutwa. Nenda kwa mshauri wa kozi yenyewe katika muhula wa kwanza, umwombe orodha iliyoandikwa ya masomo ya awali yenye namba zake, kisha jisajili kwa kufuata namba hizo.