Jaribio la haiba kwa mwomba kazi: namna ya kulijibu na haki zako

Malalamiko ya waomba kazi kuhusu majaribio ya haiba, yaani yale ya kupima tabia na mwenendo wa mtu, yamezidi, na mengi yanatokana na dhana moja potofu: kwamba huu ni mtihani wenye majibu ya kukariri. Sivyo. Anayekuuzia "majibu" kwenye kikundi cha WhatsApp anakula pesa zako bure.

Tazama jaribio linavyotegwa. Sentensi ya 12 inasema, "Hupanga kazi zangu mapema." Ya 71 inasema, "Mara nyingi kazi huikumbuka siku ya mwisho." Ukizipa zote mbili alama 5, yaani "nakubali kabisa", ripoti itaonyesha kuwa majibu yako hayalingani. Halafu kuna, "Sijawahi kumkasirikia mtu yeyote." Ukikubali hiyo na nyingine za aina yake, utahesabiwa kuwa unajipamba. Majaribio mengine hukupa sentensi nne, zote nzuri, uteue inayokufaa zaidi na ile inayokufaa kidogo kuliko zote. Jibu ulivyo kazini, si ulivyo nyumbani na wanao. Na tafadhali, usimpe ndugu akujazie: kwenye usaili utaulizwa wewe.

Waajiri nao wasikie. MBTI, ile ya aina 16 za watu, wachapishaji wake wenyewe wanasema isitumike kuchuja waomba kazi. Tunawasihi muiache.

Sasa utaratibu, kwa walio Kenya. Majibu yako na ripoti yake ni data zako binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwandikie mwajiri ukiomba nakala. Kanuni za 2021 za sheria hiyo zinampa siku 7, na hapaswi kukutoza chochote. Iwapo uliondolewa na kompyuta pekee, bila binadamu kupitia, kifungu cha 35 kinamtaka akujulishe kwa maandishi, nawe unaweza kumwomba aufikirie upya uamuzi huo au atoe mwingine usiotegemea mashine peke yake. Zingatia neno "pekee": ripoti ikisomwa na afisa pamoja na wasifu wako na usaili, kifungu hicho huenda kisikusaidie. Wala haki hii si haki ya kupewa kazi. Hilo tunalirudia kila siku.

Mwajiri akikaa kimya, peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka wa fedha uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ufafanuzi huu ni wa jumla. Kwa shauri lako mahususi, mwone wakili.

Ambatisha mwaliko wa jaribio, barua pepe ya kukataliwa na nakala ya ombi lako yenye tarehe. Lalamiko linalosema "nilionewa" na kuishia hapo halina pa kuanzia uchunguzi.