Transjenda si shoga, wala si huntha

Mtu akiuliza "transjenda ni nani hasa?", wengi wetu humjibu kwa neno jingine alilokwisha kulisikia. Hapo ndipo maelezo huharibika kabla hayajaanza.

"Ni shoga kwa jina la kisasa."
Hapana. Ushoga unahusu unayempenda. Transjenda ni habari ya unavyojijua mwenyewe: mtu alizaliwa akaandikwa mvulana, naye anajijua kuwa ni mwanamke, au kinyume chake. Anampenda nani, hilo ni swali jingine kabisa.

"Basi ni huntha."
Huntha, au mwenye jinsia mbili, ni mtu ambaye maumbile yake tangu kuzaliwa hayaangukii wazi upande wa kike wala wa kiume. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu hao kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Hesabu hiyo haikuwa ya transjenda.

"Ni mtu aliyebadili jinsia, yaani amefanyiwa upasuaji."
Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana hata vyombo vyetu vya habari huandika hivyo. Ukisema "aliyebadili", msikilizaji anaanza papo hapo: amebadili lini, hospitali gani, na huko chini kukoje? Maswali ambayo hathubutu kumuuliza mtu mwingine yeyote. Wapo ambao hawajafanyiwa upasuaji wowote, wapo wasioutaka, wapo wasio na uwezo wa kuulipia. Na wengi watakwambia hawakubadilika kitu, ndivyo walivyokuwa tangu utotoni.

Kumbuka kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, Nairobi. Alichokwenda kudai mahakamani ni jina lake kwenye cheti cha mtihani wa sekondari. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaliagiza baraza la mitihani limpe cheti chenye jina hilo, kisicho na alama ya jinsia. Cheti cha kuombea kazi, basi.

Kwa hiyo sema "mwanamke transjenda", au sema tu "anaishi kama mwanamke". Inatosha.

"Ni ugonjwa wa akili."
Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa, lililitoa suala hili katika sura ya magonjwa ya akili. Orodha hiyo ilipitishwa 2019, ikaanza kutumika Januari 2022.

"Kiswahili hakina shida, 'yeye' ni wa wote."
Nusu kweli. "Amekuja", "amekula", hakuna ajuaye ni mke au mume. Lakini nani kati yetu huishi kwa "yeye" peke yake? Sisi huitana kaka, dada, mjomba, shangazi. Karani dirishani anatazama kitambulisho, anatazama uso, kisha anapaza sauti: "Bwana!" Foleni nzima inageuka. Neno hilo moja linaumiza kuliko kukosea kutamka "transjenda".

Shangazi yangu hakuwahi kulishika neno transjenda, na sikumlazimisha. Alichotaka kujua kuhusu mtoto wa kwetu aliye transjenda ni kimoja: "Sasa nimwiteje?" Nikamwambia, anza na "mwanangu", ulivyomwita siku zote. Akakaa nalo miezi kadhaa. Siku ya arusi ya jirani nikamsikia akimtambulisha kwa wageni jamvini, huku akimrekebishia mtandio begani: "Huyu ni binti yetu."