Kuongeza muda wa kodi ya mauzo ya usafiri: mpiga kura anaamua nini hasa?

Katika kaunti nyingi za Marekani, sehemu ndogo ya kodi inayolipwa dukani haiingii kwenye mfuko mkuu wa serikali. Imetengwa kwa ajili ya barabara, mabasi na treni za kaunti hiyo. Ilipitishwa na wapiga kura wa hapo hapo, na ina tarehe ya kwisha. Tarehe hiyo ikikaribia, wananchi huulizwa tena: kodi hii iendelee au ife? Huko ndiko kuongeza muda wa kodi ya mauzo ya usafiri.

Wanaoitetea husema kiwango hakitapanda, na mara nyingi wanasema kweli. Ila kiwango ndicho kitu chepesi kuliko vyote kwenye karatasi ile ya kura. Kinachoamuliwa ni mpango mpya wa matumizi wa miaka 20, 30 au hata 40. Miradi ya awamu ya kwanza imeshajengwa, orodha ni nyingine kabisa, na atakayeweka alama ya ndiyo bila kuisoma atakuwa amekabidhi fedha za kizazi kizima.

Aliyezoea VAT ya Kenya au Tanzania atalazimika kuona mambo kwa mpangilio tofauti. Kenya, Ibara ya 209 ya Katiba inaiachia serikali ya taifa peke yake kodi hiyo, na kaunti haziruhusiwi kuigusa. Marekani haina VAT. Majimbo mengi hutoza kodi ya mauzo mara moja, bidhaa inapomfikia mtumiaji wa mwisho, kisha kaunti, miji na mamlaka za usafiri huongeza vipande vyao juu yake. Kwa California, ambako mfumo huu umekomaa, kiwango cha msingi ni asilimia 7.25. Ndani ya hicho tayari kuna robo ya asilimia inayokwenda kwenye mfuko wa usafiri wa kila kaunti. Vipande vya ziada hupanda kwa ngazi za asilimia 0.125, na sheria ya jimbo imeweka dari ya asilimia 2 kwa vipande vyote vya eneo moja, isipokuwa pale Bunge la jimbo liliporuhusu kupita hapo. Dari hiyo ni muhimu: kodi ya usafiri inapokufa, mji wenye njaa ya fedha unaweza kuiziba nafasi yake kwa kodi nyingine, na kuirudisha baadaye kukawa kazi ngumu.

Kipande kinachotumika zaidi huitwa nusu senti, maana yake nusu senti kwa kila dola, yaani asilimia 0.5. Viatu vya dola 80 vinachangia senti 40. Gari la dola 20,000 linachangia dola 100, na kulinunua kaunti ya jirani hakusaidii, kwa sababu kipande hiki hufuata mahali gari linaposajiliwa. Vyakula vingi vya kupika nyumbani, dawa za kuandikiwa na daktari na pango la nyumba havitozwi, wala huduma nyingi kama kunyoa nywele. Kaunti yenye mauzo yanayotozwa ya dola bilioni 20 kwa mwaka hupata dola milioni 100. Takriban kaunti 25 kati ya 58 za California zina kodi ya aina hii, na ndimo wanamoishi wakazi wengi wa jimbo.

Kikwazo kikubwa ni idadi ya kura. Mwaka 1978 wananchi wa California walipitisha kwa kura hoja iitwayo Proposition 13, iliyotaka theluthi mbili ya kura kwa kodi maalumu za serikali za mitaa. Kwa miaka kadhaa mamlaka za usafiri ziliendelea kupitisha kodi kwa wingi wa kawaida, zikiamini sharti hilo haliwahusu. San Diego ilianzisha kodi yake, TransNet, kwa njia hiyo mwaka 1987. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya Guardino, ilibatilisha kodi ya kaunti ya Santa Clara iliyopata takriban asilimia 54 mwaka 1992. Tangu hapo, kaunti zilizoingia kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura zilijikuta zinadaiwa theluthi mbili ili kubaki na kilekile. San Diego ilirudi kwa wapiga kura mwaka 2004 ikiomba miaka 40 zaidi, hadi 2048, ikapata asilimia 67. Iliponea chupuchupu.

Wengine hawakuponea. Mwaka 2012 kaunti ya Los Angeles iliomba kuongeza muda wa Measure R, nusu senti ya mwaka 2008, kwa miaka 30 zaidi. Ilipata asilimia 66.1, na asilimia 66.1 ni kushindwa. Siku hiyo hiyo kaunti ya Alameda, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, iliomba kuongeza nusu senti na kuifanya kodi yake isiyo na ukomo. Ilipata asilimia 66.53, pungufu ya kura mia saba hivi kati ya zaidi ya laki tano. Miaka miwili baadaye Alameda ilirudi na Measure BB, safari hii ikiwa na mwisho, mwaka 2045, na ikapita kwa zaidi ya asilimia 70. Mtu angependa kuhitimisha kwamba tarehe ya mwisho ndiyo iliyoleta ushindi, lakini Los Angeles ilishinda mwaka 2016 kwa asilimia 71 na Measure M, ambayo haina mwisho kabisa. Kwa maoni yetu tarehe ya mwisho ina thamani hata isipoleta kura: ndiyo siku pekee ambapo mamlaka hulazimika kuja na hesabu ya ilichofanya.

Kuna mlango mwingine uliofunguliwa mwaka 2017. Katika kesi ya mji wa Upland, Mahakama ya Juu ya jimbo ilitofautisha hoja zinazoletwa na serikali na zile zinazoletwa na wananchi kwa kukusanya saini, na mahakama za chini zikaamua baadaye kwamba hoja ya wananchi inaweza kupita kwa wingi wa kawaida. Basi anayesoma karatasi ya kura aangalie nani ameileta, kwa kuwa hapo ndipo idadi ya kura zinazohitajika inapobadilika.

Maandalizi huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Mamlaka ya usafiri ya kaunti hukadiria kwanza mapato ya kipindi chote. Kisha huandikwa mpango wa matumizi: asilimia ngapi kwa barabara kuu, ngapi zirudi kwa miji kuziba mashimo na kuweka lami upya, ngapi kwa mabasi na treni, ngapi kwa njia za miguu na baiskeli, na kiasi gani kisizidiwe kwa utawala. Chini ya sheria ya jimbo inayotumiwa na kaunti nyingi, mpango huo lazima ukubaliwe na baraza la kaunti, na pia na miji ambayo ni zaidi ya nusu ya miji yote na yenye zaidi ya nusu ya wakazi wa mijini. Sharti hili la mwisho ndilo linaloelezea kwa nini mipango mingi inafanana na sahani ya karamu iliyopakuliwa ili kila mgeni apate kipande: mji mdogo usipoona barabara yake kwenye orodha, hauna sababu ya kukubali.

Uamuzi wa kupeleka hoja kwenye kura lazima ufike kwa msimamizi wa uchaguzi angalau siku 88 kabla ya siku ya kura. Maelezo yanayochapishwa kwenye karatasi yenyewe hayazidi maneno 75, na lazima yataje kiwango cha kodi, muda wake na kiasi kinachotarajiwa kwa mwaka. Maneno 75 hayawezi kubeba mpango wa kurasa makumi, kwa hiyo wa kusomwa ni ule wenyewe, kwenye kijitabu cha mpiga kura. Hoja ikipita, kiwango kipya huanza siku ya kwanza ya robo mwaka inayoanza zaidi ya siku 110 baada ya sheria kupitishwa. Ndiyo sababu kodi zinazopitishwa Novemba huanza kutozwa Aprili 1. Hoja ya kuongeza muda tu haimsumbui mwenye duka, kwani mashine yake inaendelea na asilimia ile ile.

Kaunti makini haisubiri mwaka wa mwisho. Kaunti ya Orange ilikuwa na kodi iliyopitishwa 1990 na kuisha 2011, lakini iliomba nyongeza ya miaka 30 mwaka 2006, ikapata karibu asilimia 70. Miaka ile mitano ilitumika kusanifu miradi, na hata kukopa kwa dhamana ya mapato ambayo hayajaanza kuingia. Kaunti ya Fresno nayo ilijaribu mwaka 2022, ilhali Measure C, kodi yake ya wakati huo, ilikuwa na muda hadi Juni 2027. Baadhi ya jumuiya za wakazi zilipinga, zikisema mpango uliandikwa haraka bila kuwasikiliza wasio na magari, na hoja ikaishia asilimia 58 hivi. Ingekuwa ni jaribio la mwisho, ingekuwa pigo. Kwa kuwa lilifanywa mapema, Fresno ilibaki na miaka ya kurudi mezani.

Mahali panapoharibika zaidi ni kwenye makadirio ya mapato. Mauzo ya dukani huporomoka uchumi ukidorora, na watu wakihamisha matumizi yao kutoka bidhaa kwenda huduma zisizotozwa, kodi haipandi sawa na mishahara. Gharama za ujenzi nazo hupanda upande wa pili. Orange ilikadiria dola bilioni 24.3 kwa miaka 30. Baada ya mdororo wa 2008 makadirio yalishuka kwa zaidi ya theluthi. San Diego ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 2016 SANDAG, mamlaka inayosimamia TransNet, iliomba nusu senti nyingine ikiahidi dola bilioni 18. Hoja ilishindwa, kisha ikafichuka kwamba makadirio yalikuwa na kosa ambalo watumishi walilijua, na kwamba mapato ya TransNet nayo yalikuwa yamekadiriwa kupita kiasi. Mkurugenzi mtendaji aliondoka 2017, na sheria mpya ya jimbo ikaanzisha mkaguzi huru.

Fedha zikipungua, nani anaumia? Jibu limo kwenye jinsi mpango ulivyoandikwa. Ukigawa kwa asilimia, kila fungu hupungua kwa uwiano. Ukitaja miradi kwa viwango vya dola, ya mwanzo hulipwa yote na ya mwisho hubaki kwenye karatasi. Deni huongeza uzito: mamlaka huuza hatifungani ili ijenge mapema, na wenye hatifungani hulipwa kabla ya dereva wa basi.

Tatizo lingine halionekani kirahisi. Mji ukishaanza kupokea fedha za kaunti, unaweza kupunguza kimyakimya fedha zake wenyewe za barabara, na mwananchi akalipa zaidi kwa lami ile ile. Mpango mzuri huulazimisha mji kudumisha kiwango chake cha awali na kurudisha fedha ukishindwa. Tafuta kifungu hicho. Tafuta pia kifungu cha marekebisho: bodi inaweza kubadili miradi kwa kura ngapi, na je, inaweza kuhamisha fedha kutoka mabasi kwenda barabara kuu? Kamati ya wananchi hukagua na kutoa ripoti, lakini kwa kawaida haina uwezo wa kuizuia bodi.

Mgawanyo huo ndio siasa yenyewe. Kaunti ya Maricopa, Arizona, iliko Phoenix na familia nyingi za Wakongo waliopewa makazi, ilipiga kura ya kwanza 1985, ya pili 2004 na ya tatu, Proposition 479, Novemba 2024. Ilibidi kwanza Bunge la jimbo litoe ruhusa, na magavana wawili walikataa kwa zamu miswada iliyotangulia. Nusu senti ilibaki nusu senti. Barabara kuu zilishuka kutoka asilimia 56.2 hadi 40.5, usafiri wa umma ukapanda kutoka 33.3 hadi 37, lakini fedha hizo zikakatazwa kutumika kurefusha reli nyepesi. Anayetegemea basi kwenda kazini na anayengoja treni ifike mtaani kwake walipewa majibu tofauti na hoja moja.

Na wanaolipa ni wengi kuliko wanaopiga kura. Mkimbizi ambaye bado hajawa raia hulipa nusu senti kwenye sabuni na nepi kama jirani yake, na kwa mwenye kipato kidogo kipande hicho ni sehemu kubwa zaidi ya mshahara. Hawezi kupiga kura, lakini vikao vya kuandaa mpango viko wazi kwa kila mkazi, na ombi la mkalimani hupelekwa siku kadhaa kabla ya kikao. Maoni yanayotolewa kabla baraza la kaunti halijapitisha mpango bado yanaweza kuhamisha asilimia. Baada ya hapo, kilichobaki ni ndiyo au hapana.