Tunutu wa mkia wa fezanti kwa maji ya kasi

Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini kabisa, karibu na mawe, na huko ndiko chambo kinatakiwa kufika. Kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya hiyo ni kazi. Maji yanateremka kwa kasi, vidimbwi ni vifupi, na chambo chepesi kinampita samaki juu kabla hakijazama.

Tunutu ninayemwamini, yaani chambo cha kufunga kwa mkono kinachoigiza mdudu mchanga wa majini, asili yake ni Uingereza. Frank Sawyer, mtunza mto Avon huko Wiltshire, alimfunga kwa vitu viwili tu: nyuzi za unyoya wa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, na waya mwembamba wa shaba. Uzi hakutumia, waya ulifunga, waya huohuo ukazamisha. Kwa maji ya Avon yaliyotulia, ulitosha. Kwa Gura, mto wa Aberdare ambako trauti walipandikizwa mwaka 1905, hautoshi.

Kwa hiyo naongeza ushanga wa tungsteni, metali nzito sana, wa milimita 3, kwenye ndoana ya jigi saizi 14 yenye shingo iliyopinda. Tungsteni ina gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Madini ya risasi yana 11.3 tu. Faida ya pili: uzito ule hugeuza ndoana, ncha ikatazama juu, nawe hunasi mawe ovyo.

Ushanga ukishakaa, bana ndoana kwenye jiliwa, zungusha uzi hadi ndoana inapoanza kupinda nyuma. Funga nyuzi nne za fezanti ziwe mkia, urefu nusu ya mwili, kisha waya wa shaba. Nyuzi zilizobaki zizungushe kuelekea kwenye ushanga, zilale bega kwa bega bila kupandana.

Sasa waya, na hapa sikubali njia ya mkato. Uzungushe kinyume na ulivyozungusha nyuzi. Ukifuata upande uleule, waya hujificha katikati ya nyuzi na haulindi kitu. Meno ya trauti ni madogo lakini makali: unyuzi mmoja ukikatika, tumbo zima linafumuka. Waya ukikatiza juu yake, kila mzunguko unashikwa mahali pake, na tunutu huyo anavua samaki wengi kabla ya kuchakaa.

Kifua ni nyuzi mbili za unyoya wa tausi, mizunguko mitatu. Maliza kwa ukosi mwembamba wa uzi wa rangi ya chungwa, fundo, na tone la vanishi.

Wengi huongeza miguu, mgongo unaong'aa, hata mbawa. Mimi naviacha vyote, kwa sababu kila kinachotokeza pembeni hushikwa na maji na kuchelewesha kuzama.

Funga pia wachache wenye ushanga wa milimita 2 kwa Januari na Februari, mito inapopungua, na wa 3.5 kwa mvua za masika.